Zoezi Si Kiboko: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayefundisha Makuruta

Tangazo la kuandikisha makuruta likitoka, barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera, huku Nyamira, hujaa vijana kabla jua halijachomoza. Wanajiandaa kwa siku moja ya mbio na ukaguzi, na kwa miezi ya mafunzo Eldoret, Kiganjo, Embakasi au Gilgil kwa watakaobahatika. Mbele yao hukimbia mtu wanayemwita afande: askari mstaafu, mwalimu wa michezo, au kijana aliyekosa nafasi mwaka uliopita akaamua kuwanoa wenzake. Kazi hiyo ni njema. Tatizo ni anachofanya mtu huyo akikasirika. Aliyechelewa huambiwa aruke kichurachura hadi miguu ikatae. Aliyejibu vibaya hupewa pushapu zisizo na hesabu. Aliyechoka huitwa mwoga, kisha hukimbizwa tena.

Nimefundisha mazoezi ya viungo kwa miaka mingi, na nimechoka kuona vijana wazima wakiharibiwa na watu waliokusudia kuwajenga. Sidai kuruta abembelezwe. Lazima atoke jasho, na mkaidi lazima arekebishwe. Lakini zoezi ni kama dawa: lina kipimo chake, na anayeligeuza kuwa kiboko huwa ameshakitupa kipimo hicho. Haya ni kwa kila anayeshika filimbi, kambini, shuleni na katika uwanja wa kijiji.

KABLA YA KUPIGA FILIMBI

Fanya

*Uliza afya ya kila mmoja, kila asubuhi.* Homa, kuhara, kutapika, pombe ya jana, usingizi, dawa aliyomeza. Nyanda za juu za Kisii na Nyamira zinajulikana kwa milipuko ya malaria. Mwenye homa anaanza mbio mwili wake ukiwa tayari una moto. Ukimwongezea adhabu, unamsukuma kwenye kiharusi cha joto. Mtoe kwenye mstari bila kumdhihaki, aende akapimwe. Ukimdhihaki mmoja leo, kesho watano watakuficha homa yao.

*Jua nani amebeba kinasaba cha selimundu (sickle cell).* Ikonge haiko mbali na Homa Bay, na katika kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi. Mbebaji haugui, hukimbia vizuri, na mara nyingi hajui kama amebeba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu makuruta weusi wa Marekani ulionyesha kwamba wabebaji walikuwa katika hatari ya kufa ghafla mazoezini takriban mara 28 kuliko wenzao. Mwaka 2016 utafiti mwingine, wa askari karibu 48,000 wa Jeshi la Marekani, haukuona tofauti hiyo ya vifo, yamkini kwa kuwa jeshi hilo lilikuwa limeweka tahadhari za maji, joto na mapumziko kwa watu wote. Hatari ya misuli kuvunjika, hata hivyo, ilibaki juu kwa asilimia 54. Somo liko wazi: tahadhari zinaokoa. Kipimo ni cha damu tu. Waambie vijana wako wapimwe.

*Ongeza mzigo kidogo kidogo.* Kijana aliyekaa nyumbani tangu mtihani wa kidato cha nne hana misuli ya kuchuchumaa mara 200. Akilazimishwa, nyuzi za misuli hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Figo huziba. Potasiamu hupanda na moyo unaweza kusimama. Wanaopatwa na hili mara nyingi ni wageni wa siku za kwanza, na siku za kwanza ndizo ambazo wakufunzi wengi huonyesha ubabe wao.

*Hakikisha wamekula na wamelala.* Mtu aliyekimbia kwa kikombe kimoja cha chai hana cha kuchoma. Atazimia, nawe utamwita mvivu.

Usifanye

*Usidanganywe na baridi ya milimani.* Wengi husema joto linaua Mombasa na Garissa, si Nyamira. Uongo. Joto linaloua mazoezini linatoka ndani ya misuli inayofanya kazi. Jua na unyevu huzuia tu joto hilo lisitoke. Kijana aliyevaa koti zito la kutoa jasho, akipanda mlima kwa kasi ya hasira yako, anaweza kupata kiharusi cha joto asubuhi yenye ukungu.

*Usiruhusu dawa za maumivu kabla ya mbio.* Vijana humeza diclofenac na ibuprofen wasisikie magoti. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati uleule ambapo figo zinalemewa na jasho na misuli iliyochoka. Anayehitaji dawa ili aweze kukimbia hapaswi kukimbia siku hiyo.

*Usimlazimishe mtu kunywa maji.* Kuna wakufunzi wanaotoa maji kama adhabu: maliza chupa, jaza, maliza tena. Maji mengi kupita kiasi huyeyusha chumvi ya damu, ubongo huvimba, na mtu hufa maji yakiwa yamemjaa tumboni. Jeshi la Marekani limeweka kikomo cha takriban lita moja na nusu kwa saa, tena kwa mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto. Weka maji karibu, toa nafasi ya kunywa, na waache wanywe kwa kiu yao.

WAKATI WA KUREKEBISHA

Fanya

*Linganisha marekebisho na kosa.* Aliyechelewa afike kabla ya wote kwa wiki nzima na kuandaa uwanja. Mwenye buti chafu asafishe, akaguliwe, asafishe tena. Aliyekosea kwata arudie hatua ileile aliyokosea hadi aijue. Kanuni za Jeshi la Marekani zinasema hivyo waziwazi: mafunzo ya kurekebisha lazima yahusiane moja kwa moja na upungufu uliojitokeza. Pushapu hazimfundishi mtu kusoma saa.

*Ukitoa zoezi kama onyo, taja idadi kabla hajaanza.* Sema kumi, na kumi zikiisha asimame, mambo yaishe. Neno "mpaka nichoke mimi" lisitoke kinywani mwako. Wewe umekaa kivulini, huchoki.

*Chagua zoezi alilokwisha kufundishwa na lililomo kwenye ratiba.* Zoezi geni, chini ya vitisho, hufanywa vibaya. Mgongo na magoti ndiyo yanayolipa.

*Liandike, na liingize katika hesabu ya siku.* Misuli haijui kwamba kilomita mbili zilikuwa za ratiba na tatu zilikuwa za adhabu. Inahesabu tano. Ukishamwadhibu asubuhi, mpunguzie jioni. Na mkufunzi wa jioni atajuaje kama wa asubuhi hakuandika?

*Fanya mbele ya watu, na mkufunzi wa pili awepo.* Huyo wa pili awe na ruhusa ya kusema "basi" bila kuulizwa cheo chake. Kambi ambayo koplo hawezi kumzuia sajini aliyepandwa na hasira itazika mtu.

Usifanye

*Usiadhibu ukiwa umekasirika.* Hasira hasara, na hapa hasara ni roho ya mtu. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya Parris Island huko Marekani, Sajini Matthew McKeon aliona kikosi chake kimelegea. Akakipeleka kwenye kijito chenye matope na maji ya bahari, gizani, ili kiwe na adabu. Makuruta sita walizama na kufa. McKeon hakukusudia kuua mtu. Hakuna anayekusudia.

*Usimkimbize mtu mwenye mzigo kamili.* Mei 2024, katika Divisheni ya 12 ya jeshi la Korea Kusini, makuruta sita waliadhibiwa kwa sababu walizungumza usiku. Walivishwa vifaa vyote, wakakimbizwa, wakapigishwa pushapu na mizigo mgongoni. Kanuni za jeshi hilohilo zinaruhusu kutembea tu ukiwa na mzigo kamili, kukimbia kumekatazwa. Kuruta mmoja alianguka, na siku mbili baadaye akafa, akiwa na dalili za kiharusi cha joto na misuli iliyovunjika. Kamanda wa kombania alihukumiwa kifungo cha miaka 5, na mahakama ya rufaa ikakiongeza kuwa miaka 5 na nusu. Kosa la kijana lilikuwa kupiga soga.

*Usigeuze kifungo cha kambi kuwa mazoezi ya kuvunja mtu.* Mwishoni mwa Juni 2013, Koplo Hung Chung-chiu wa Taiwan aliwekwa kizuizini kwa kuingia kambini na simu yenye kamera. Huko alipigishwa mazoezi makali kwenye joto la kiangazi. Alikufa tarehe 4 Julai, zikiwa zimesalia siku chache amalize utumishi wake. Zaidi ya watu laki moja waliandamana Taipei, na kufikia tarehe 6 Agosti sheria ilikuwa imebadilishwa: makosa ya askari wakati wa amani yakahamishiwa mahakama za kiraia. Jeshi zima lilinyang'anywa mahakama zake kwa sababu ya adhabu ya simu.

*Usimwadhibu mtu wa jana kwa mwili wa leo.* Gavin Williams, askari wa jeshi la Uingereza wa miaka 22, aliadhibiwa tarehe 3 Julai 2006 kwa vurugu za ulevi za siku zilizotangulia. Ilikuwa siku ya joto kali. Alitembezwa kwa kasi, kisha akapelekwa ukumbi wa mazoezi kumaliziwa. Alipofika hospitali joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 41.7, na alikuwa na dawa ya kulevya mwilini. Askari watatu wenye vyeo walishtakiwa na mwaka 2008 wakaachiliwa. Walirudi nyumbani, yeye yuko kaburini.

*Usiibe usingizi wao.* Kuwaamsha saa nane usiku wabingirike matopeni kunampa mkufunzi raha ya nusu saa, na kunawapa makuruta mwili mbovu asubuhi. Aprili 2018, askari wa Singapore wa miaka 19 alianguka baada ya mwendo wa kasi wa kilomita 8 na kufa siku 12 baadaye. Uchunguzi ulibaini kwamba usiku uliotangulia kikosi kiliadhibiwa kwa mazoezi yasiyo na kibali, na muda wa kulala ukakatwa.

*Usiadhibu wote kwa kosa la mmoja.* Unadhani unajenga umoja. Unachojenga ni genge litakalomvamia mmoja gizani. Halafu kumbuka: kati ya hao wote umewaadhibu pia mwenye homa, mbebaji wa selimundu na aliyefika jana, kwa kipimo kimoja.

*Usitumie kichurachura na kutembea kwa magoti.* Kuruka ukiwa umechuchumaa, mara nyingi, ndiyo njia ya haraka ya kuvunja misuli ya mapaja, na magoti huumia. Kutembea kwa magoti juu ya kokoto hakujengi chochote ambacho askari anakihitaji. Ni mateso yaliyovaa nguo za michezo.

*Usimtenge msichana.* Hakuna adhabu ya faragha, hakuna "njoo ofisini ufanye pushapu", hakuna mbio za usiku za mtu mmoja na mkufunzi mmoja. Sihitaji kueleza sababu. Unaijua.

MTU AKIANGUKA

Fanya

*Simamisha kila kitu.* Wote. Si yeye peke yake.

*Poza kwanza, safirisha baadaye.* Mtu aliyekuwa akikimbia, sasa anayumba, anaongea ovyo, ana hasira za ajabu au amezimia, mchukulie kuwa ana kiharusi cha joto hadi tabibu aseme vingine. Mvue nguo za juu na viatu. Mzamishe kwenye pipa au birika la maji baridi, kichwa kikiwa nje na mtu amekishika. Huna birika? Mmwagie maji mwili mzima bila kukoma, mfunike shuka zilizolowa, mpepee. Una takriban nusu saa ya kulishusha joto lake. Dakika utakazotumia kutafuta gari na kubishana nani ataweka mafuta ni dakika za ubongo wake kuiva. Maji ya chemchemi za Ikonge ni baridi na yako karibu. Yatayarishe kabla ya mazoezi, usisubiri mtu aanguke.

*Fuatilia mkojo kwa siku tatu.* Baada ya mazoezi makali, waambie bila aibu: mkojo ukiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa au ya Coca-Cola, misuli ikavimba, mikono ikashindwa kunyooka, nenda hospitali leo. Ekerenyo au Hospitali ya Rufaa ya Nyamira wataanza drip. Figo zikikataa, itabidi kusafishwa damu. Mwambie daktari ukweli wote: zoezi gani, mara ngapi, kwa nini. Daktari aliyeambiwa "ameanguka tu" atatibu malaria.

*Mpe pumziko mbebaji anayelalamika miguu imekuwa dhaifu na kuuma ghafla.* Mbebaji wa selimundu mara nyingi huanguka akiwa bado anaongea, misuli imelegea, pumzi inamkimbia. Akisema hawezi, hawezi.

Usifanye

*Usimwite mwigizaji.* Januari 2006, Martin Lee Anderson, mtoto wa miaka 14, aliingizwa katika kambi ya kurekebisha vijana huko Florida iliyoendeshwa kwa mtindo wa kijeshi. Siku hiyohiyo ya kwanza alikimbizwa, akalegea. Walinzi walimchukulia kuwa mkaidi, wakamshika kwa nguvu na kumnusisha amonia. Kesho yake alikuwa maiti. Jimbo lilifunga kambi zote za aina hiyo mwaka uleule. Wavivu wanaojifanya wapo, ndiyo. Mvivu akikuponyoka umepoteza pushapu ishirini. Mgonjwa akikuponyoka umepoteza mtu.

*Usimpe maji ya kunywa aliyechanganyikiwa au kuzimia.* Yataingia kwenye mapafu.

*Usimpeleke bwenini alale peke yake.* "Akipumzika atakuwa sawa" ni maneno ambayo wakufunzi wengi wameyarudia mbele ya wachunguzi.

*Usifundishe wengine cha kusema.* Ukishaanza kupanga maelezo kabla ya kuita gari, umeshajua ulichofanya.

SHERIA NA KISINGIZIO

Fanya

*Soma Katiba yako.* Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa na kutotendewa kikatili au kidhalilishaji haiwezi kupunguzwa. Kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko na adhabu ya kikatili. Kifungu cha 24 kinataja haki zinazoweza kubanwa kwa askari: faragha, kujumuika, kuandamana, mahusiano ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Kinga dhidi ya adhabu ya kikatili haimo katika orodha hiyo. Kuruta havui utu wake langoni pamoja na nguo za kiraia. Tangu 2017 ipo pia Sheria ya Kuzuia Mateso, na "niliamrishwa" si kinga chini yake.

*Ripoti, hata kama mwenye kosa ni rafiki.* Mkufunzi mmoja katili huharibu jina la kambi yote, na mara nyingi wenzake walimwona miezi mingi kabla ya maiti.

Usifanye

*Usiniambie "sisi tulifanyiwa hivyo na tukawa imara".* Mliobaki ndio mnaosimulia. Waliorudishwa nyumbani na magoti mabovu na figo moja hawaalikwi kwenye sherehe za kufuzu. Uimara wenu mliupata kwa mbio za ratiba, chakula cha kutosha na wenzenu. Adhabu haikuongeza kitu.

*Usiipeleke kambi shuleni.* Mwalimu wa nidhamu anayewakimbiza watoto kuzunguka uwanja mara thelathini kwa kuchelewa anadhani amekwepa sheria kwa kuwa hakushika fimbo. Hajakwepa. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu yoyote ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili. Kichurachura ni adhabu ya kimwili. Halafu mnashangaa mtoto akikua anachukia mazoezi.

*Usijifanye afande kama hujui kazi hii.* Kijana wa Ikonge anayewanoa wenzake, nakuheshimu. Pima mbio zao, wafundishe kupumua, walete mapema. Huna mamlaka ya kuadhibu mtu yeyote. Atakayechelewa mara tatu mwambie asije tena. Imetosha.

Na wewe kuruta mtarajiwa: kukimbia hadi uchoke ni kazi yako, na kutii ni wajibu wako. Lakini ukisikia kizunguzungu, baridi katikati ya jua, au miguu imekuwa kama si yako, sema kwa sauti, simama, kaa chini. Mwenzako akianguka, usimwangalie afande usoni kwanza; mshike. Nafasi za kuandikishwa zitatangazwa tena mwaka mwingine. Figo hazitangazwi.